Mji wa chuo ukihamwa: Jinsi ya kulinda afya wakati wa likizo ya Machi

MZAZI wa Nairobi, Nakuru au Mombasa anapompeleka mwanawe kusoma Marekani huwa na hofu nyingi. Huhofia karo, baridi, marafiki wabaya na bunduki. Ni wazazi wachache mno wanaofikiria wiki moja ya mwezi Machi ambayo chuo hufungwa, mabweni yakabaki matupu na mwanafunzi aliyetoka mbali akaachwa peke yake katika mji usiokuwa na watu.

Wiki hiyo ni likizo ya majira ya machipuko. Vyuo vikuu vingi vya Marekani huitoa kati ya mwanzo wa Machi na mwanzo wa Aprili. Ni fupi sana kumwezesha Mkenya kurudi nyumbani. Safari ya kutoka mji mdogo wa katikati ya Marekani hadi Nairobi huchukua siku nzima na zaidi, na nauli yake ingetosha kumlisha mwanafunzi kwa miezi kadhaa. Kwa hivyo Wamarekani huenda kwao au pwani, naye Mkenya hubaki.

Kwa wengi, wiki hiyo hupita salama. Wengine hulala vya kutosha, wakasoma na kupumua. Lakini wapo ambao kwao siku hizo saba au tisa ndizo huwa ngumu kuliko zote za mwaka wa masomo. Makala haya yanaeleza ni kwa nini, ni dalili zipi za kuangalia, na ni hatua zipi ambazo mwanafunzi na jamaa zake walio Kenya wanaweza kuchukua.

Mji unaoishi kwa wanafunzi

Ili kuelewa jambo hili ni lazima kwanza kuelewa mji wa chuo ni mji wa namna gani. Nchini Kenya, vyuo vikuu vyetu vikongwe viko ndani au kando ya miji mikubwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakienda likizo, Nairobi haitambui. Marekani kuna miji mingi midogo ambayo chuo ndicho kila kitu.

Mfano mzuri ni State College katika jimbo la Pennsylvania, penye makao makuu ya Chuo Kikuu cha Penn State. Hata jina la mji lenyewe linatokana na chuo. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 ilionyesha kuwa mji huo una wakazi wapatao 40,000, ilhali wanafunzi wa chuo hicho hapo ni zaidi ya idadi hiyo. Mfano mwingine ni Ithaca, jimbo la New York, mji wa Chuo Kikuu cha Cornell ulio kando ya ziwa Cayuga, wenye wakazi 32,000 hivi. Wanafunzi wakiondoka katika miji kama hii, mikahawa hufunga mapema, mabasi hupunguza safari, maktaba hufupisha saa zake na mabwalo ya chakula ya chuo hufungwa au likabaki moja tu.

Wakenya wameijua miji ya aina hii kwa muda mrefu. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipokwenda Marekani mwaka wa 1960, alisomea Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas kando ya mto Missouri. Mwanariadha Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State kilichoko Pullman, mji uliozungukwa na mashamba ya ngano, alipovunja rekodi nne za dunia mwaka wa 1978.

Desturi yenyewe ya kukimbilia pwani wakati wa likizo hii ilianza miaka ya 1930, waogeleaji wa vyuo vya kaskazini walipoanza kwenda Fort Lauderdale, Florida, kufanya mazoezi kwenye joto. Filamu ya mwaka wa 1960 iliyohusu vijana katika mji huo iliwavutia wengi zaidi, na kufikia 1985 wanafunzi wapatao 350,000 walimiminika humo, hadi wenye mji wakatunga sheria za kuwapunguza. Mkenya aliyebaki bwenini huziona picha za wenzake wakiwa ufuoni kwenye simu yake, naye dirishani anaona theluji iliyobaki.

Upweke ni nini?

Wataalamu hutofautisha kuwa peke yako na kuwa mpweke. Mtu anaweza kukaa peke yake siku tatu akawa na raha. Mwingine anaweza kuwa mpweke katikati ya sherehe. Upweke ni yale maumivu ya kuona kwamba uhusiano ulio nao na watu ni mdogo kuliko ule unaouhitaji.

Mtaalamu John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyefariki mwaka wa 2018, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jambo hili. Alieleza kuwa upweke ni ishara ya mwili kama njaa na kiu. Njaa humsukuma mtu atafute chakula, na upweke humsukuma atafute watu. Kwa hivyo kuuhisi si ugonjwa wala si aibu. Hatari huja ishara hiyo ikiendelea kwa muda mrefu bila kujibiwa. Mwili hukaa katika hali ya tahadhari, usingizi huharibika, na mtu huanza kuwashuku wengine kuwa hawamtaki. Akifikia hapo hujitenga zaidi, na upweke ukazidi.

Madhara ya hali hiyo yamepimwa. Mwaka wa 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya uchunguzi 148 uliohusisha watu zaidi ya 300,000, wakaona kuwa waliokuwa na uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai mwishoni mwa uchunguzi, kwa asilimia 50. Mwaka wa 2023, daktari mkuu wa serikali ya Marekani wakati huo, Vivek Murthy, alitoa onyo rasmi kuhusu upweke. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2025 ilisema kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba vijana ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi.

Ni kweli kwamba wiki moja haiwezi kumletea mtu ugonjwa wa moyo. Lakini kwa mwanafunzi ambaye tayari amechoka kwa mitihani, baridi na kupelekea nyumbani fedha asizokuwa nazo, wiki hiyo inaweza kuwa tone linalojaza kibuyu.

Mwanga, saa na usingizi

Kuna sababu nyingine ambayo Mkenya huenda asiifahamu, kwa kuwa amekulia karibu na ikweta. Nairobi, mchana huwa na saa 12 hivi mwaka mzima. Ithaca, mwezi Desemba, mchana huwa na saa tisa tu, na mara nyingi jua lenyewe limefunikwa na mawingu. Mwaka wa 1984 Norman Rosenthal na wenzake katika taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya akili walieleza aina ya mfadhaiko unaoletwa na upungufu wa mwanga wakati wa baridi. Dalili zake ni kulala kupita kiasi, kutamani vyakula vya wanga na sukari, kunenepa na kukosa hamu ya mambo.

Mwezi Machi ni mwisho wa kipindi hicho. Habari njema ni kwamba karibu na Machi 20 mchana na usiku hukaribiana kulingana kila mahali duniani, na mwanafunzi hupata tena mchana unaolingana na ule wa nyumbani. Ni vyema autumie. Kutembea nje kwa nusu saa asubuhi, hata kama kuna mawingu, huusaidia mwili kujua saa na huleta usingizi mzuri usiku. Wapo wanaotumia taa maalumu zenye nguvu ya luksi 10,000 kwa nusu saa kila asubuhi, lakini ni vizuri kumwona daktari kwanza, hasa kwa mwenye matatizo ya macho au ya hisia zinazopanda na kushuka.

Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, na jua la baridi la kaskazini halitoshi. Kiasi kinachopendekezwa Marekani kwa kijana ni uniti 600 kwa siku. Hupatikana katika maziwa yaliyoongezwa vitamini, samaki wenye mafuta na mayai. Anayetaka kumeza vidonge asizidishe, kwani vitamini hiyo ikikithiri hudhuru.

Kisha kuna suala la saa. Jumapili ya pili ya Machi, karibu majimbo yote ya Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja. Mara nyingi siku hiyo huangukia likizo hii au karibu nayo. Mwanafunzi hupoteza saa moja ya usingizi, na tofauti na Kenya pia hubadilika. Kabla ya siku hiyo, saa tatu usiku Nairobi huwa ni saa saba mchana Ithaca. Baada yake huwa ni saa nane mchana. Familia nyingi hukosana kwenye simu kwa sababu hii, na mzazi akadhani mtoto hataki kuzungumza.

Tumbo likisahauliwa

Bwalo likifungwa, mwanafunzi aliyezoea kula kwa kadi ya chuo hujikuta hana chakula, hana jiko na pengine hana gari la kwenda dukani. Wengi hugeukia tambi za paketi. Zina bei nafuu, lakini paketi moja inaweza kuwa na miligramu 1,500 au zaidi za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Anayekula paketi mbili kwa siku kwa wiki nzima hupata chumvi nyingi na virutubisho vichache.

Dawa yake ni kujipanga kabla. Siku tatu nne kabla ya chuo kufungwa, mwanafunzi aulize bwalo lipi litabaki wazi na saa ngapi. Anunue maharagwe ya mkebe, mayai, shayiri ya uji, ndizi, karoti, kabichi na mboga zilizogandishwa, ambazo hubaki na sehemu kubwa ya virutubisho vyake. Maharagwe ya mkebe yakisuuzwa kwa maji hupungua chumvi. Unga wa mahindi hupatikana, ingawa ule wa Kimarekani aghalabu ni wa manjano na una chenga kubwa kuliko wetu. Sukuma wiki nayo huuzwa katika maduka mengi makubwa. Sufuria ya ugali ikipikwa katika jiko la bwenini inaweza kuwaita wanafunzi wengine waliobaki, kutoka Ghana, India au China, na hapo tatizo la tumbo na la upweke yakatatuliwa pamoja.

Vyuo vingi siku hizi vina stoo ya chakula cha bure kwa wanafunzi wasiojiweza. Si ombaomba anayekwenda huko. Imewekwa kwa ajili hiyo.

Kwa mwanafunzi Mwislamu, miaka ya karibuni imeleta jambo la ziada. Mwaka wa 2024 Ramadhani ilianza Machi 11, na mwaka wa 2025 ilianza Machi 1, kwa hivyo likizo na mfungo zilikutana katika vyuo vingi. Aliyelelewa Mombasa au Lamu, akizoea futari ya watu wengi, huona uzito mkubwa akifungua peke yake kwa tende na maji. Miji mingi ya vyuo ina msikiti au jumuiya ya Waislamu ambayo hufuturisha bila malipo, na mgeni hahitaji mwaliko.

Ukiugua wakati chuo kimefungwa

Zahanati ya chuo inaweza kufunga au kupunguza saa wakati wa likizo. Mwanafunzi aulize mapema. Ikiwa anatumia dawa za kila siku, kama za pumu, kifafa, kisukari au mfadhaiko, ahakikishe zinatosha hadi chuo kifunguliwe.

Asome kadi yake ya bima. Kwenda chumba cha dharura cha hospitali kwa ajili ya kikohozi kunaweza kuleta bili kubwa mno, ilhali kliniki za kutibu bila miadi hutoza kidogo zaidi. Lakini kwa maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, homa kali yenye shingo kukakamaa au kuzirai, asifikirie gharama. Apige simu nambari 911.

Kuna tahadhari moja zaidi. Chumba kikiwa baridi, mwanafunzi asithubutu kuwasha jiko la makaa ndani. Hewa ya sumu inayotokana na makaa haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Amwite mhudumu wa bweni.

Pombe nayo ihesabiwe hapa. Anayekunywa peke yake ili apate usingizi hupata usingizi mbaya, na kesho yake huzuni huwa kubwa zaidi.

Dalili zisizofaa kupuuzwa

Kukumbuka nyumbani, kulia kidogo baada ya kuzungumza na mama, au kuchoshwa na ukimya wa bweni ni mambo ya kawaida. Hupungua mtu akipata mwenza wa kuzungumza naye.

Mfadhaiko ni ugonjwa, na una dalili zinazodumu kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku: huzuni au utupu, kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na ulaji kubadilika, uchovu, kushindwa kukaza fikira, kujiona hafai na kuwaza kifo. Mwenye dalili hizi anahitaji matibabu, na ugonjwa huu hutibika kwa ushauri, dawa au vyote viwili. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri wiki mbili. Tangu Julai 2022, nambari 988 hupigwa bila malipo mahali popote Marekani, usiku na mchana, na mtu anaweza pia kuitumia kwa ujumbe mfupi.

Vijana wetu wengi hawaendi kwa mshauri wa chuo. Husema hayo ni mambo ya Wazungu, au huogopa kwamba habari zitafika nyumbani au kuathiri viza. Mazungumzo na mshauri ni siri, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, na kumwona mshauri hakumwondolei mtu ruhusa ya kusoma.

Mzazi afanye nini?

Mzazi aliye Kenya ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Kwanza, aulize tarehe za likizo mapema na apange simu. Simu fupi mbili tatu kwa wiki, kwa saa inayojulikana, hufaa kuliko moja ndefu ya kushtukiza. Pili, aulize maswali yasiyojibiwa kwa neno moja. "Uko salama?" hujibiwa "ndiyo" hata na aliyelala siku mbili bila kula. "Leo umekula nini, na nani?" huleta habari zaidi.

Tatu, wiki hii isiwe ya madai. Kijana aliye peke yake bwenini akisikia habari za karo ya mdogo wake na paa la nyumba linalovuja, huacha kusema yake. Atanyamaza ili asiongeze mzigo, na kimya hicho ndicho cha kuogopwa. Mambo ya fedha yanaweza kungoja chuo kifunguliwe.

Nne, mzazi aijue sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1974 kuhusu rekodi za wanafunzi humpa mwanafunzi wa chuo haki juu ya habari zake. Mzazi akipiga simu chuoni kuuliza maendeleo au afya ya mwanawe, anaweza kukataliwa, hata kama ndiye anayelipa karo. Ni vyema mwanafunzi atie saini fomu ya kuruhusu chuo kuzungumza na mzazi kabla ya tatizo kutokea. Hata bila fomu, mzazi anaweza kuomba polisi wa chuo waende kugonga mlango na kuhakikisha mtoto yu salama. Kwa sababu nambari 911 na 988 hazipatikani kutoka Kenya, aandike mahali salama nambari kamili ya polisi wa chuo, ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni na ya rafiki mmoja wa mwanawe.

Umuhimu wa maandalizi hayo ulionekana Machi 2020. Virusi vya korona vilipoenea, vyuo vingi, vikiwemo Harvard na Cornell, viliwatangazia wanafunzi kuwa wasirudi baada ya likizo hiyo. Kenya ilifunga anga lake kwa ndege za abiria za kimataifa Machi 25. Wakenya wengi walikwama, na mabweni yaliyopaswa kuwa matupu kwa wiki moja yakawa matupu kwa miezi.

Wiki yenye umbo

Jambo linalosaidia zaidi ni kuipa wiki umbo. Mwanafunzi aamke saa ile ile, atoke nje asubuhi, na awe na jambo moja kila siku linalomkutanisha na mtu ana kwa ana: ibada, mazoezi, kazi ya kujitolea, au kikombe cha chai na jirani. Ofisi za wanafunzi wa kigeni katika vyuo vingi huandaa safari fupi na karamu kwa waliobaki. Zipo pia familia za mji zinazowakaribisha wanafunzi mezani. Kijana akialikwa, aende, hata kama hajisikii.

Anayetaka kufanya kazi aulize ofisi hiyo kwanza. Sheria za viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na zaidi ya hapo chuo kikiwa likizoni. Fedha hizo husaidia, lakini asizifukuzie hadi akose usingizi. Mwili wa kijana unahitaji saa saba au zaidi za kulala, na mhula ukianza tena mitihani haitakuwa mbali.

Na kama amebaki mwingine katika bweni hilo, Mkenya au la, mwanafunzi asingoje kusalimiwa. Agonge mlango wake. Huenda naye tangu juzi hajasikia sauti ya mtu.